Theluthi ya Juu ya Ubao

Jumatatu, 13 Oktoba

Shule imefunguliwa. Huu ni muhula wa mwisho wa mwaka, ule ambao watoto huumaliza kichwani wiki ya pili na walimu wiki ya kwanza. Joto kali, mvua bado. Maji hayakutoka mchana kutwa, tumewaambia watoto waje na chupa kesho.

Darasa langu la sita bado liko chumba namba nne, kilichokuwa ofisi ya watu wa bima kabla jengo halijageuzwa shule. Ubao uliomo ulifungwa na mtu mrefu kwa ajili ya watu warefu. Mimi sifiki theluthi yake ya juu. Mwaka jana nilikuwa napanda kiti, mpaka kiti kilipovunjika mguu na darasa zima likapiga makofi. Nimeomba ubao ushushwe, nimejibiwa kwamba ukuta ule hauchezewi. Kwa hiyo hesabu zangu zote zinaanzia katikati.

Mkuu wa shule, Bibi Mokoena, ametugawia kazi ya ziada. Tarehe 21 Novemba ni Siku ya Kazi. Watakuja wageni kuwaeleza watoto wanachokifanya maishani, na mwalimu mmoja atasimama dakika tano kueleza faida na hasara za ualimu. Mwalimu huyo ni mimi. Firmin, anayefundisha sayansi chumba cha jirani, aliuliza kama dakika tano hizo ni za faida au za hasara. Nilicheka peke yangu.

Jumatano, 15 Oktoba

Tumu hayupo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tumu amerudi, hana barua ya kueleza alikokuwa. Ni msichana wa miaka kumi na miwili, mrefu kuliko wote darasani, mimi nikiwemo. Baba yake, Bwana Jumbe, ni mtu wa Tanga kama mimi. Ana duka la mablanketi katikati ya Johannesburg. Mtoto kazaliwa hapa hapa, anaongea Kiingereza na Kizulu, na mimi ananiita Mem, kama wanavyoitwa walimu wote wa kike hapa. Nikimsemesha Kiswahili ananiangalia kama vile redio imejiwasha yenyewe.

Mwaka jana alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mwaka huu anaandika jina, anaandika tarehe, anaweka kalamu chini. Hana ujeuri. Ameacha tu, na Jumatano haji kabisa.

Nimempigia baba yake. Nimemwambia mtoto ana akili, ila kazi hafanyi, na ningependa tuonane. Akasema, "Nimekusikia, mwalimu. Nitakuja." Sauti ya mtu anayefunga duka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekwenda spaza, kiduka cha mtaani kwetu La Rochelle, kununua vitunguu nikakuta Mzanzibari na Mkongo wanabishana kama Burundi ni kubwa kuliko Lesotho. Wakaniona. "Mwalimu huyo, aamue." Nikasema Lesotho ni kubwa zaidi. Yule Mkongo akalipa soda. Nilipofika chumbani nikatafuta kwenye simu: ni kweli, Lesotho. Nilikuwa nimekisia.

Kwa ajili ya hotuba: faida, watu wanakuamini. Hasara, hiyo hiyo.

Jumapili, 19 Oktoba

Randburg, kwa Yasmin. Ni binti wa mama yangu mdogo, tulisomea ualimu pamoja. Alifundisha miaka mitatu akaacha. Sasa anakaa ghorofani na visikilizio masikioni, anawajibu kwa Kiswahili wateja wa Dar na Mombasa ambao ving'amuzi vyao vimegoma.

"Dada Bushra," alisema, "wananipigia wamevimba kwa hasira, lakini wakikata simu, wamekata. Mtoto wa mtu simbebi kichwani mpaka nyumbani."

Kuna nafasi kwao. Wanataka jibu kabla Novemba haijaisha, na mkataba wangu wa shule unaisha Desemba. Mshahara sitauandika, nisije nikausoma tena. Pilau ilikuwa nzuri. Nilimwambia nitafikiri, na nilifikiri kweli mpaka nilipofika karibu na nyumbani, ndipo nikajikuta nawaza namna ya kuwaeleza watoto sehemu guni.

Jumatatu, 20 Oktoba

Bwana Jumbe amekuja. Alikuja asubuhi, wazazi wakiwa wamejaa uani wakiwashusha watoto, amevaa koti juu ya kanzu. Tumu alikuwa nyuma yake anaangalia viatu. Mkononi Bwana Jumbe alishika kitu kirefu kimefungwa gazeti.

Tukasalimiana, tukaulizana ya nyumbani, akanitajia mtaa wao wa Tanga, nikamtajia wetu. Kisha akafungua gazeti. Ilikuwa fimbo ya mforosadi, imemenywa gome, imepigwa msasa ikang'aa. Hapa mitaani miforosadi iko mingi, ila ile haikukatwa hivi hivi. Mtu aliikalia akaichonga.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "mtoto nimekukabidhi. Mimi kumlisha, wewe kumnyoosha. Sitakuuliza."

Akanipa kwa mikono miwili.

Mtu wa kwetu haelezwi hapo. Mzazi anayekukabidhi mtoto kwa namna ile amekupa heshima kubwa aliyonayo, na kuikataa fimbo mbele ya mwanawe ni kumwambia kuwa mtoto wake humtaki. Wengi wa wanaotoa wala hawatarajii sana itumike. Unapokea, unashukuru, unaiweka pembeni, shughuli imekwisha. Nchi hii nayo ina sheria, na sheria inasema mwalimu hamgusi mtoto, na mimi naikubali bila kulazimishwa. Yote mawili niliyajua wakati mikono yangu inanyooka.

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema ahsante.

Nimeiweka juu ya kabati la chumba namba nne. Tumu aliiangalia, kisha akaandika jina na tarehe.

Jumatano, 22 Oktoba

Tumu hayupo. Mvua ya kwanza, saa kumi jioni, na radi zake.

Ijumaa, 24 Oktoba

Leo nimegundua kitu. Nilitaka kuonyesha namba iliyo juu kabisa ya ubao, iliyobaki tangu darasa la saba walipotumia chumba, na mkono haukufika. Nikaishusha ile fimbo. Inafika vizuri sana. Darasa lilinyamaza ghafla, nami nikawaambia, "Hii ni ya kuonyeshea tu." Wakaendelea kupumua.

Lakini kuonyesha si kuandika. Nikamwita Tumu: "Wewe mrefu, njoo uniandikie huko juu." Akaja taratibu. Mimi nikawa naonyesha kwa fimbo mahali, yeye anaandika. Tulipofika sehemu ya tatu aliandika kabla sijasema, na aliandika sawasawa. Akageuka kuona kama nimeona. Nilijifanya natafuta chaki.

Mwaka mzima nilikuwa nahitaji mtu mrefu na mtu mrefu alikuwa amekaa dawati la nyuma.

Jumanne, 28 Oktoba

Viwavi wa hariri wa Firmin wamenenepa. Kila mwaka majira haya watoto wa Johannesburg wanafuga viwavi kwenye maboksi ya viatu, na kila mwaka Firmin anafurahi zaidi yao. Asubuhi watoto wanafika na majani ya mforosadi mifukoni. Kwa kuwa chumba chake hakina jua, maboksi yameletwa kwangu dirishani. Nafundisha hesabu huku viwavi mia wanatafuna, ukinyamaza unawasikia.

Tumu amefanya kazi ya nyumbani. Nusu yake.

Jumatano, 29 Oktoba

Tumu hayupo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Theluthi ya juu ya ubao sasa ni ya Tumu. Hakuna anayebisha. Firmin aliingia katikati ya somo kupiga picha maboksi yake, akatoka.

Jumatatu, 3 Novemba

Niandike kwa utaratibu, kwa sababu huenda nikaulizwa.

Ijumaa usiku picha ya viwavi ilitumwa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Mbele ni maboksi mawili na majani. Nyuma, kwa mbali kidogo lakini wazi, niko mimi nimenyanyua fimbo juu. Chini ya fimbo kuna mgongo wa msichana aliyegeukia ukuta, mikono yake iko juu.

Niliitazama picha ile ofisini kwa Bibi Mokoena na hata mimi niliamini kuwa nampiga.

Mzazi mmoja amelalamika kwa maandishi. Bibi Mokoena hakupandisha sauti. Aliuliza fimbo imetoka wapi, nikamwambia. Aliuliza kwa nini niliipokea, nikamweleza habari ya heshima, na nilipokuwa naeleza niliyasikia maneno yangu kwa masikio yake. Akasema, "Bushra, hapa mwalimu wa kigeni akishika fimbo, hakuna anayeuliza ni ya nini." Nimesimamishwa mpaka kamati itakapokaa tarehe 24. Wakiniona nina hatia, mkataba hautaongezwa, na jina langu litapelekwa kwenye baraza la walimu. Baada ya hapo hakuna shule nchi hii itakayonichukua.

Fimbo wameichukua, wameitia kwenye mfuko wa plastiki.

Jumatano, 5 Novemba

Tumu hayupo, nadhani. Na mimi sipo.

Ijumaa, 7 Novemba

Kukaa nyumbani saa nne asubuhi ni kazi ngumu. Mtaa una watu wake wa saa nne ambao sikuwahi kuwajua. Pale spaza wananiuliza, "Mwalimu, leo hamjaenda?" Wiki nzima nimesema nina mafua.

Nani alituma picha? Alipiga Firmin. Tangu nilipofika shuleni nilimwona ni mtu mpole mwenye maneno mengi. Sasa nayapitia maneno yake yote natafuta ubaya. Aliwahi kuniuliza kama mkataba wangu utaongezwa. Aliwahi kusema ana shemeji anayefundisha hesabu.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua ya mawe mchana. Imevunja kioo cha dirisha la choo na kupasua karai la jirani. Watoto wametoka kuokota barafu.

Jumanne, 11 Novemba

Firmin amekuja, na mfuko wa mapichi. Alisimama mlangoni hakutaka kukaa.

"Mama Bushra, ni mie njo nilituma ile foto," alisema. Kwao Lubumbashi kila mwanamke wa kuheshimiwa ni mama, hata kama hana mtoto. "Sikukuona nyuma. Niliona tu badudu. Nilikuwa na furaha ya badudu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizi.

"Honte," akasema. "Haya ilinishika."

Anataka kuja kwenye kamati kusema hivyo. Nikamwambia aje. Alipoondoka nililia kidogo, nadhani kwa sababu ya shemeji yake, ambaye nilikuwa nimemchukia wiki nzima na sijui hata sura yake. Mapichi ni mabichi bado.

Ijumaa, 14 Novemba

Yasmin kapiga. Amesikia kwa watu wa Tanga, ambao wamesikia kwa watu wa Unguja. "Dada, hata wakikusafisha, kuna la kurudia? Hapa kwetu hakuna mtu anayeweza kukupa fimbo." Nikamwuliza kazini nani anamsalimia. Akasema, "Mfumo." Tukacheka wote wawili. Nafasi inafungwa tarehe 28.

Kasema kweli. Niliketi niandike hoja za kumpinga, nikakosa. Ualimu unakulaza na madaftari, unakupa koo bovu, na mwisho wa yote picha moja ya wadudu inatosha kukufuta. Faida niliiandika na kuikata mara nne. Kila nikiandika inakuwa sura ya Tumu alipogeuka kuona kama nimeona, na hilo huwezi kulisimamia dakika tano mbele ya wageni.

Ijumaa, 21 Novemba

Siku ya Kazi. Firmin kanitumia ujumbe: dakika zangu tano amepewa daktari wa meno.

Jumatatu, 24 Novemba

Kamati.

Tulikuwa kwenye chumba cha walimu, meza zimeunganishwa. Mwenyekiti ni mzee mmoja kutoka nje ya shule, aliwahi kuwa mkaguzi. Kulia kwake Bibi Mokoena, kushoto mwakilishi wa wazazi. Fimbo ilikuwa mezani ndani ya plastiki yake. Ilionekana ndefu kuliko nilivyoikumbuka.

Alianza mama aliyelalamika. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alisema taratibu, bila kunitazama, kwamba shuleni alikosoma mwalimu alimpiga kaka yake kofi, sikio la kulia likafa, na kaka yake mpaka leo hukaa upande wa kulia wa kila mtu. Alisema hana neno na wageni. Alisema alipoiona ile picha hakulala. Nilimwamini kila neno. Angekuwa mwanangu kwenye ile picha, ningelalamika kabla yake.

Firmin akasema lake, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko nilivyotarajia, na akawaonyesha picha nyingine za viwavi, nyingi kuliko zilizohitajika.

Kisha akaitwa Bwana Jumbe. Kiingereza chake ni cha dukani, kinatosha bei na saizi. Mkalimani hakuwepo. Mimi sikuruhusiwa kutafsiri. Firmin alijaribu sentensi moja na Bwana Jumbe akamwuliza kwa adabu ni lugha gani hiyo. Ndipo Bibi Mokoena akamwita Tumu, aliyekuwa amekaa nje akisubiri zamu yake.

Tumu akaingia. Hakuulizwa kama anaweza wala hakuelekezwa pa kusimama. Alikwenda moja kwa moja akasimama kulia kwa baba yake, nyuma kidogo, mikono mbele. Mtu anayefanya jambo mara ya kwanza hasimami vile. Pale pale nikazijua Jumatano zote zilikokwenda.

Mwenyekiti akauliza kwa nini alinipa fimbo.

"Baba, anauliza Mem ulimpa fimbo ya nini," Tumu alisema. Kiswahili. Cha Tanga, cha bibi yake, kila neno mahali pake. Muhula mzima alikuwa ananiangalia kama redio.

"Mwambie nilimpa akuchape."

Tumu akaigeuza kwa Kiingereza, sauti haikupanda wala kushuka: anasema alimpa ili anichape.

Kalamu zikaandika. Bibi Mokoena alifumba macho.

"Na alikuchapa?" mwenyekiti akamwuliza Tumu.

Swali lilikuwa lake. Lakini yeye alikuwa kazini. Akamgeukia baba yake. "Anauliza, alinichapa?"

"Hajakuchapa," alisema Bwana Jumbe, na hapo akawa kama aliyesubiri kuulizwa. "Hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma. Fimbo nimeichonga mwenyewe jioni mbili, nimempa mbele ya watu, kapokea kwa mikono miwili, kasema ahsante. Kila siku namwangalia mtoto, hana hata alama. Namuuliza, mwalimu fimbo anafanyia nini? Ananiambia, anaonyeshea namba. Namba! Mimi ndiye niliyetakiwa kulalamika hapa."

Tumu aliyasema yote. Hakuruka hata "jioni mbili". Alipofika "hata alama" yule mama aliyelalamika aliinua kichwa, na ilikuwa mara ya kwanza ananitazama.

Mwenyekiti akaishika ile picha. Akauliza basi kwa nini mkono wa mwalimu uko juu.

Safari hii Tumu alijibu mwenyewe, kwa Kiingereza. "Mimi nilikuwa naandika. Yeye alikuwa ananionyesha pa kuandika. Hafiki juu. Yeye ni mfupi." Kisha, kwa sababu hawezi kumwacha baba yake nyuma, akamwambia, "Baba, nimewaambia Mem ni mfupi."

Bwana Jumbe akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Hilo kweli," akasema.

"Anasema ni kweli," Tumu akawaambia.

Mwenyekiti alikohoa muda mrefu kidogo kuliko kikohozi.

Koridoni nilikutana na Bwana Jumbe uso kwa uso. Alikuwa amenuna. "Ulipokea kwa mikono miwili, mwalimu."

"Nilipokea kwa sababu ulinipa mbele yake," nikasema. "Lakini hapa sichapi, na hata ningeruhusiwa nisingemchapa. Ungeniuliza ningekwambia."

Kisha nikamwuliza Jumatano anampeleka wapi mtoto.

"Jumatano ni siku yangu ya maofisi. Benki, vibali, kwa wakala wa nyumba. Yeye ndiye mdomo wangu tangu ana miaka saba."

"Jumatano ndiyo siku ninayofundisha somo jipya, Bwana Jumbe. Kila wiki."

Tumu alikuwa kati yetu anasikiliza, na safari hii hakuwa na cha kutafsiri.

Jumanne, 25 Novemba

Wamenisafisha. Lalamiko limefutwa, narudi darasani kesho. Kuhusu mkataba, Bibi Mokoena alisema atanijibu siku ya kufunga shule. Kamati imefuta kosa lakini picha haijafutika simuni mwa wazazi, na yeye ana shule ya kuendesha. Akaongeza kwamba kuanzia sasa nisipokee kitu chochote kilichofungwa kutoka kwa mzazi yeyote. Nimeitikia.

Jumatano, 26 Novemba

Tumu hayupo.

Darasa lilisimama nilipoingia. Hakuna aliyewaambia. Ubao juu ni mtupu.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimempigia Yasmin nikamwambia hapana. Akauliza kama mkataba umetoka. Nikasema bado. Akaniuliza kama nina homa.

Sina hoja. Nawapenda watoto wale na napenda dakika ile mtu anapoelewa, nami niko hapo naona. Ndiyo sababu yangu yote. Nikikosa mkataba nitauza vitumbua.

Jumatano, 3 Desemba

Tumu yupo.

Ijumaa, 5 Desemba

Nondo wametoka kwa Firmin. Weupe, wanene, hawaruki. Watoto wamesikitika, walitarajia kipepeo.

Bwana Jumbe ameonekana benki peke yake, kwa habari za spaza. Alikuwa anaongea kwa mikono.

Jumatano, 10 Desemba

Tumefunga.

Wazazi walijaa uani kuchukua watoto na ripoti. Mawingu yalishaanza kukusanyika. Nilikuwa nimesimama na Bibi Mokoena, nasubiri aniambie habari ya mkataba, naye alikuwa anaagana na kila mtu isipokuwa mimi. Ndipo nikamwona Bwana Jumbe anapita katikati ya watu, koti juu ya kanzu, Tumu nyuma yake. Mkononi alikuwa na kitu kirefu kimefungwa gazeti.

Watu waligeuka. Yule mama aliyelalamika alikuwa karibu na lango, akasimama. Bibi Mokoena alisema jina langu, chini chini, mara moja tu.

Bwana Jumbe akanifikia. Akaninyooshea kwa mikono miwili.

Ningeweza kusema, samahani, sheria ya shule. Angeelewa maneno, mtoto angemtafsiria. Lakini nilimwona amesimama mikono mbele, na watu wote wanamwangalia, na mwanawe anamwangalia kuliko wote. Niliogopa. Nataka ijulikane kwamba niliogopa sana. Nikanyoosha mikono yote miwili nikapokea, nikasema ahsante, nikafungua hapo hapo mbele ya kila mtu.

Ilikuwa rula ya ubao. Mita moja, ya mbao, ya dukani, namba zake nyeusi, ina kishikio katikati.

"Nimeambiwa hufiki juu," alisema Bwana Jumbe. "Hii itafika. Ni ya ubao." Akaigonga kwa kidole, akamtupia jicho mwanawe. "Lakini mti wake mgumu, mwalimu. Ikibidi, ikibidi."

"Anasema nini?" Bibi Mokoena akauliza.

Tumu, ambaye mbele ya kamati hakuruka hata neno moja, alimtazama baba yake, kisha akanitazama mimi.

"Anasema ni ya ubao," akasema.

Bibi Mokoena alisubiri. "Hayo tu?"

"Hayo tu, Mem."

Nami niliyesikia yote nikaangalia namba za rula.

Bibi Mokoena akaichukua mkononi mwangu, akapitisha kidole gumba ukingoni, akanirudishia. "Iandike namba ya chumba," akasema. "Likizo vitu vinaibiwa. Januari utaitafuta." Akaenda kumuaga mzazi mwingine.

Matone yalianza kuanguka. Nilipanda chumba namba nne nikatafuta kalamu ya wino mzito. Tumu alikuja kunishikia rula isicheze nikiandika.